Chujio la mwani: ni nini, na linatengenezwaje kwa taa za LED

Chujio la mwani ni kipande cha wavu kilichoning'inizwa wima, kinachomwagiwa maji ya tangi la samaki mfululizo huku kikimulikwa taa kali pande zote mbili, ili mwani uote hapo badala ya kuota kwenye kioo na mawe. Neno "chujio" linapotosha kidogo. Kinyesi na mabaki ya chakula hupita kwenye wavu bila kuzuiwa. Kinachonaswa ni vilivyoyeyuka ndani ya maji: amonia, naitreti na fosfeti, ambavyo kwa mwani ni mbolea. Mwani unavila, unanenepa, nawe unaukwangua na kuutupa. Usipoutupa hujasafisha chochote, maana uchafu ungali mle mle, umegeuka majani tu.

Wazo hili lilienezwa na Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1982. Chombo chake kilikuwa na ndoo iliyojaa maji na kujipindua kila baada ya muda mfupi, ikiiga wimbi linalopiga mwamba wa matumbawe. Kilifanya kazi, lakini kwa kelele na kwa kurusha maji. Cha siku hizi kinachotengenezwa nyumbani ni rahisi zaidi: bomba lenye mpasuo, na wavu unaoning'inia kutoka kwenye mpasuo huo.

Ukubwa wake hupimwa kwa chakula unachowapa samaki kwa siku. Lita za tangi hazina uzito sana hapa, kwa sababu mbolea yote inaingia kwa njia ya chakula. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni sentimita 77 za mraba za wavu kwa kila mchemraba mmoja wa chakula cha kugandishwa, au gramu 3 hivi za chakula kikavu cha punje. Anayetoa michemraba miwili kwa siku anahitaji wavu wa upana wa sm 12 na urefu wa sm 13. Ukitengeneza mkubwa kuliko chakula, mwani utaota mabaka mabaka na hautajaa.

Wavu unaofaa ni ule wa plastiki wa kufumia nyuzi, wenye matundu 7 kwa inchi. Ukitoka dukani ni laini, na hapo ndipo wengi huharibu kazi. Ukwaruze kwa meno ya msumeno wa chuma, pande zote mbili, kwa kila mwelekeo, mpaka ukipitisha kiganja ukuume kama ngozi ya papa. Mwani hauna mizizi. Una vishikizo vidogo vinavyohitaji pa kung'ang'ania. Kwenye wavu laini utaota vizuri wiki mbili, utakuwa mzito, kisha utabanduka wote usiku mmoja na kwenda kuziba pampu.

Bomba la PVC la nusu inchi au robo tatu linatosha. Chora mstari ulionyooka (maandishi ya kiwandani yaliyopigwa kwenye bomba ni rula nzuri), kisha kata mpasuo wa urefu wa sm 12 na upana wa milimita 3. Ingiza ukingo wa wavu ndani ya mpasuo na uufunge kwa vile vimikanda vya plastiki vya kubania nyaya. Mfuniko wa mwisho wa bomba usiutie gundi, kwani utaufungua mara nyingi kusafisha. Bomba lote lifunike kwa plastiki nyeusi. Mwanga ukifika kwenye mpasuo, mwani huota humo humo, maji yanakatika vipande vipande na wavu unabaki na michirizi mikavu.

Kila sentimita ya upana inataka lita 52 hivi kwa saa, kwa hiyo wavu wa sm 12 unataka lita 620 hivi. Hizo ni lita zinazofika juu kwenye bomba. Pampu iliyoandikwa 620 kwenye boksi haitazifikisha, maana nguvu hupungua kadiri maji yanavyopandishwa. Nunua ya 1,000 au 1,200 uweke koki ya kupunguza.

Kwa taa, mwani hupenda mwanga mwekundu mzito, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660, na bluu kidogo. Kwa wavu huu tumia LED nyekundu sita za wati 3, tatu kila upande, pamoja na bluu moja kila upande. Nyekundu zote ziungwe mfuatano kwenye kiendeshi (kifaa kinachozipa LED mkondo usiobadilika) cha milliampia 700. Bluu mbili ziungwe sambamba, kisha jozi hiyo iingie ndani ya mfuatano huo, ili kila moja ipate nusu ya mkondo. Bluu yenye mkondo mzima huunguza mwani ulio mbele yake. Jumla inakuja karibu volti 16 au 17, kwa hiyo kiendeshi cha volti 12 hadi 24 kinatosha. LED zigandishwe kwenye bamba la alumini la kupoza joto, zikingwe na kipande cha akriliki, na zikae sm 10 kutoka kwenye wavu. Waya wa umeme uteremke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Soketi iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja. Maji ya chumvi hayana mzaha.

Anza na saa 9 za mwanga kwa siku. Wiki ya kwanza utaona ute wa kahawia, ni kawaida. Kijani kikishika, ongeza polepole hadi saa 18, na iwashe usiku taa za tangi zinapozimwa, kwani wakati huo mwani hula hewa ya ukaa na kuzuia pH (kipimo cha asidi ya maji) isishuke sana.

Rangi ndiyo itakayokuambia kinachoendelea. Kijani kibichi chenye nyuzi ndicho unachokitaka. Mweusi wenye kunata kama lami maana yake mbolea ni nyingi kuliko mwanga: ongeza saa, vuna mara kwa mara. Njano yenye kuvutika kama mpira ni kinyume chake. Duara tupu mbele ya LED, taa iko karibu mno. Na ikiwa naitreti imefika sifuri huku fosfeti haishuki, mwani umekosa naitrojeni. Kuongeza taa hakutasaidia.

Vuna kila siku 7 hadi 14. Ukichelewa, tabaka la ndani hukosa mwanga, linakufa na kurudisha mbolea ndani ya maji. Toa wavu, ukwangue kwa kucha au kadi ya plastiki, bakiza utando mwembamba wa kijani ili uote tena, kisha suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwenye tangi la chumvi suuza hiyo huua vijidudu vinavyotafuna mwani. Wengine huwapa samaki wao mavuno hayo, na huko ni kurudisha mbolea kule kule ilikotoka; heri bustanini.

Jambo moja la kupima kabla ya kuondoka nyumbani: chomoa pampu uone maji yanarudi kiasi gani kwenye tangi la chini, lile linalopokea maji yanayotoka kwenye wavu. Umeme ukikatika ndicho kitakachotokea, na kama hakuna nafasi yatamwagika sakafuni. Wavu wenyewe huvumilia saa mbili tatu ukiwa na unyevu. Ukikauka kabisa, mwani unakufa, na unaanza upya na ule ute wa kahawia.