Baharia wa Kigoma na waraka usiofika

Wageni wakisikia habari za MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa kwa jina la Graf von Götzen, humtunga haraka baharia wa Kijerumani ameketi sitahani jioni, anamwandikia mchumba wake, na barua inafika Ujerumani baada ya wiki chache. Hadithi tamu, lakini wenye mji tuisimulie ilivyokuwa.

Watu husema: alikuja kwa meli. Hapana, alikuja kwa treni. Baadhi ya mabaharia wa hapa walitoka kwenye Möwe, meli ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha Dar es Salaam Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Wakapanda treni, kilomita zipatazo 1,250, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka huohuo. Götzen nayo ilipita njia hiyohiyo ikiwa vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaungwa hapa, ikashushwa majini Februari 1915.

Watu husema: barua zilikwenda na kurudi. Zingepita wapi? Waingereza walikuwa wameziba pwani yote. Hata Königsberg, manowari yenye mizinga mikubwa, ilijificha Rufiji ikashindwa kutoka, mpaka ikaangamia Julai 1915. Upenyo uliobaki ulikuwa Msumbiji, kwa kuwa Wareno waliokuwa wakiitawala hawakuwa vitani. Machi 1916 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Ureno, na mlango huo nao ukafungwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, homa inampanda, akae miezi hajui kama mchumba wake yu hai. Hilo ndilo linalonigusa kuliko mizinga.

Watu husema: Götzen ilizamishwa na Waingereza vitani. Hapana. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 26, 1916, baada ya kuzipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Ndiyo maana iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Watu husema: mwenye mpenzi wa kumwandikia alikuwa Mzungu tu. Hii inaniuma. Vyombo vile vilikuwa na Waafrika ndani, na boila zilikula kuni zilizopasuliwa na kubebwa na mikono yetu. Wao pia waliacha watu nyumbani. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani kabla ya Mjerumani, na asiyejua kuandika alimwendea anayejua, akasikia maneno yake yakianzia “Ama baada ya salamu”. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Asiye na mwandishi alituma salamu za mdomo kwa msafiri.

Kigoma ilipoachwa Julai 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Tabora, na Tabora nayo ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba. Mwanamke wa Ujiji ambaye mtu wake alikuwa kwenye msafara ule alibaki upande mmoja wa vita, mwenzake upande mwingine, na msafiri wa kumpa salamu hakuwepo.