Akiolojia kwa vijana siyo kusaka mali za Wajerumani: dhana tunazozibeba na ukweli wake

Ukisema tu unataka kukusanya vijana wa mtaani wajifunze akiolojia, yaani kusoma maisha ya watu wa zamani kupitia vitu walivyoacha, na historia ya kwao kwa vitendo, watu wanaanza kukuangalia vingine. Mmoja atauliza kama mna ile mashine ya kupima madini, mwingine atasema mnafundisha watoto kufukua makaburi, na kuna mwalimu atakwambia hiyo haipo kwenye mtihani kwa hiyo tusipotezeane muda. Mi haya maneno yananiuma kweli, manake nchi zetu hizi karibu kila unapokanyaga kuna historia, halafu mtoto anamaliza shule anajua wafalme wa Ulaya na hajui mlima ulio nyuma ya nyumba yao waliishi kina nani. Ngoja niyajibu, mengine kwa urefu mengine kwa kifupi.

"Akiolojia ni kutafuta mali"

Hii ndo dhana inayoharibu kuliko zote. Kwetu Tanzania kila mkoa una hadithi ya mali za Wajerumani, kwamba wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918 walizika dhahabu, wakaacha alama kwenye mawe na kwenye mibuyu, na hadi leo kuna watu wanauziana ramani za uongo na kuchimba usiku pembeni ya maboma ya zamani na hata kwenye makaburi. Kijana aliyekulia kwenye hizo hadithi ukimwambia tunaenda site, yaani eneo lenye mabaki ya kale, anakuja na akili ya kutajirika.

Ukweli ni kwamba vitu ambavyo mwanaakiolojia anavikuta siku nyingi ni vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na mbuzi, majivu, magamba ya kombe, shanga ndogo ndogo, mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Sokoni havina bei. Thamani yake iko pale kilipolala, kina gani, kipo na nini pembeni. Chukua sarafu za shaba za Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye alimpokea msafiri maarufu wa Morocco, Ibn Battuta, pale Kilwa mwaka 1331, alitoa sarafu zenye jina lake, na moja ilikuja kupatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe kule bara kabisa kusini. Ile shaba yenyewe ni kidogo tu, lakini kwa kuwa imepatikana pale na mahali pake pakaandikwa, ni ushahidi kwamba biashara ya dhahabu iliunganisha Kilwa na watu wa kule. Sasa fikiria mtu angeiokota akaiuza, leo ingekuwa kisarafu kikuukuu kwenye droo ya mtu na hakuna anayejua kimetoka wapi. Kijana akishalielewa hili, hata ukimwachia sepetu hachimbi ovyo.

"Watoto wataharibu site"

Hapa hofu ina msingi, tusidanganyane. Kuchimba ni kuharibu, tabaka ukishalifukua halirudi tena, ndo maana sheria ya Tanzania ya mambo ya kale ya 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba, na inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, kwa hiyo hakuna mwalimu anayeruhusiwa kubeba darasa na majembe kwenda kufukua magofu.

Ila watu wanachanganya, wanadhani programu ya vijana lazima ianze na kuchimba site yenyewe. Hapana. Uingereza kuna klabu za Young Archaeologists' Club, zimeanza mwaka 1972, zinachukua watoto wa miaka 8 mpaka 16, na mambo yao mengi ni kutembelea, kuchora, kujaribu ufundi wa kale, kushika vitu na kuuliza maswali. Hata hapa unaweza kutengeneza shimo la mazoezi kwenye kiwanja cha shule, unamwaga tabaka la mchanga wa pwani, juu yake udongo mwekundu, juu tena majivu, unaficha humo vipande vya chungu kilichovunjika mwaka huu huu, kisha vijana wanafunga kamba mita moja kwa moja, wanashuka taratibu kwa mwiko wa fundi ujenzi, udongo wote unapita kwenye chekecheke, na kila kinachotoka kinaandikwa kimetoka tabaka gani. Kosa likitokea hapo hakuna hasara.

Alafu kuna kuosha vigae, kazi ambayo kwenye uchimbaji wa kitaalamu huwa ni nyingi na mikono haitoshi, na vijana chini ya usimamizi wanaiweza vizuri. Beseni la maji, mswaki laini, gazeti la kukaushia. Unamwambia usisugue masizi kwa nguvu, manake masizi yakiwa upande wa nje yanakuonyesha hicho chungu kilikaa jikoni, na kama ndani kumegandia kitu cheusi huenda ni chakula chenyewe. Akipata kipande cha mdomo wa chungu anakilaza kwenye karatasi yenye duara za vipimo, anatafuta duara inayolingana, na hapo anajua chungu kizima kilikuwa na mdomo wa upana gani, cha kupikia watu wawili au cha shughuli. Kijana anayesinzia darasani hapa hasinzii.

"Si ndo wale wa dinosaria?"

Hapana. Dinosaria ni paleontolojia, elimu ya viumbe vya kale, na wenyewe waliisha miaka milioni 66 iliyopita, binadamu hakuwepo kabisa. Akiolojia inafuata mambo ya watu. Ila kwa kuwa wengi wanaulizia, Tendaguru mkoani Lindi ndiko Wajerumani walikochimba kati ya 1909 na 1913 na ile mifupa ya dinosaria mkubwa iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ikatoka huko, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi. Hao wabebaji na wachimbaji ni historia nzuri kabisa ya kuwatuma vijana wa Lindi wakaulize kwa wazee wao.

"Kwetu hamna kitu, mambo yote yako Olduvai na Kilwa" na "hadithi za bibi siyo historia"

Nimeziweka pamoja sababu zinavunjwa na mfano mmoja, Katuruka, kule Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Peter Schmidt alikuwa anakusanya simulizi za wazee wa Kihaya, nao wakamweleza habari za mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma, wakamwonyesha na mti wenyewe wa mahali patakatifu, Kaiija. Palipochimbwa pakakutwa mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Miaka elfu mbili! Wazee hawakuwa na kitabu wala ramani, walikuwa na simulizi iliyoshikwa kizazi kwa kizazi na ikaelekeza mahali penyewe. Baadaye miaka ya 1970 wazee waliokuwa bado wanakumbuka ufundi walijenga tanuru upya kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya bwawani kwenye shimo lake, wakaweka mirija ya udongo na mivukuto ya kupulizia hewa, na chuma kikayeyushwa mbele ya watafiti. Kama hiyo siyo elimu kwa vitendo sijui ni nini.

Na yale mavi ya chuma, mawe mazito meusi yenye matundu kama povu lililoganda, yako kwenye mashamba ya watu sehemu nyingi sana. Watoto wanayapiga teke wakienda kuchota maji. Kazi ya kwanza ya klabu inaweza kuwa hiyo tu, kutembea na mzee wa kijiji, kuonyesha yako wapi bila kuyahamisha, kuchora ramani ya mkono na kumwuliza anakumbuka nini kuhusu wahunzi. Simu inarekodi sauti, unaomba ruhusa kwanza, unataja jina la msimuliaji kama amekubali, na ukimaliza unamrudishia asikilize. Tena hapa haraka inahitajika kweli kweli, magofu yatasubiri lakini wazee hawatatusubiri.

Sisemi kila simulizi ipokelewe ilivyo. Vijana wafundishwe kuwauliza wazee watatu wanne jambo moja na kuona wapi wanatofautiana, na kwa nini, mara nyingi kwenye tofauti ndo kuna ugomvi wa ardhi au wa ukoo ambao nao ni historia.

"Miji ya pwani walijenga wageni, sisi tulikuwa watazamaji"

Hii tumelishwa tangu ukoloni na bado inarudiwa. Mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate huko Kenya, ulichimbwa miaka ya 1980 na Mark Horton na wenzake, na chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti mingine midogo ya kale zaidi, ya chini kabisa ya miti, tangu karne ya 8, na vyungu vingi kupita kiasi ni vya kwetu wenyewe, aina inayopatikana pia kwa jamii za bara. Mji ulikua taratibu kutoka nyumba za miti na udongo hadi za matumbawe. Utafiti wa DNA uliotoka 2023 nao unaonyesha wengi waliozikwa kwenye miji ya pwani walikuwa na asili mchanganyiko, wazee wa kike wengi Waafrika na wazee wa kiume wengi kutoka Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wageni walikuja, wakaoa, wakawa wenyeji, lakini walikuta watu na miji imeshaanza. Kijana wa Lamu, Mombasa au Kilwa anayeshika kigae mwenyewe na kuona mistari ya pembetatu iliyochorwa na mfinyanzi wa hapa, huyo huwezi kumdanganya tena.

"Ni kazi ya wazungu na maprofesa"

Mkenya Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba mwaka 1960, shule yake ilikuwa ya msingi tu na utotoni alichunga mbuzi. Mwaka 1984 akiwa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu rangi yake karibu sawa na kokoto za pale, na kumbe ni wa yule anayeitwa kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ya miaka takriban milioni 1.5. Jicho lile halikupatikana chuoni. Lilifundishwa na kutembea juani na kuangalia chini kwa subira, na hicho ndicho kitu programu za vijana zinaweza kukianzisha mapema.

Subira yenyewe iko hivi: kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi huko Kenya, watafiti walipokuta mabaki ya mtoto wa miaka kama 3 aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, mifupa ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga, wakalizungushia plasta bonge zima la udongo na kulibeba hadi maabara. Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Watafiti wakamwita Mtoto. Wasimulie watoto wa darasa la tano habari hiyo uone kama kuna atakayeuliza dhahabu iko wapi.

"Hela ziko wapi, na ajira je?"

Kuanza hakuhitaji hela nyingi, kamba, futi ya fundi, madaftari, miswaki, chekecheke moja. Gharama kubwa ni usafiri, kwa hiyo anzeni na pa karibu. Ajira zipo kwenye makumbusho, utalii, na kwenye miradi mikubwa ya barabara na mabomba ambako tathmini ya urithi wa kale hufanywa kabla ya kuchimba, japo siyo nyingi na sitamdanganya mtu.

La mwisho ni la vitendo, na liandikwe ukutani kwenye kila klabu. Kijana akikuta kitu anachodhani ni cha kale, asikiokote. Apige picha na kitu cha kuonyesha ukubwa pembeni yake, kalamu au rula, apige na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali, aandike tarehe na alichokiona, afunike kama kilivyokuwa, kisha wamtaarifu afisa utamaduni wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale, na kwa Kenya ni Makumbusho ya Taifa.