Birika la Betty's Hope

Mgeni anayefika Betty's Hope, lililokuwa shamba la miwa katika kisiwa cha Antigua, huko Karibi, huvutwa kwanza na kinu cha upepo kilichokarabatiwa mwaka 1995, kwa kuwa kimesimama wima. Jumba la mwenye shamba limebaki misingi ya mawe na vipande vya kuta vilivyomezwa na majani. Mimi ni mwanaakiolojia wa majengo, nami sianzii kwenye kinu wala kwenye misingi hiyo. Naanzia kwenye birika, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua.

Antigua haina mito ya kutegemewa, na ukame huirudia mara kwa mara. Kwa hiyo mvua iliyoangukia mapaa ilikingwa na kuelekezwa kwenye matangi ya mawe yaliyosiribwa chokaa. Aliyewahi kupapasa kuta za Gedi au Kilwa Kisiwani ataitambua kazi ya namna hiyo. Hapa, hata hivyo, waliochonga mawe, wakachoma chokaa na kuchimba mashimo walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, na maji yaliyokusanywa yalihesabiwa kuwa mali ya bwana, kama walivyohesabiwa wao wenyewe.

Shamba hili la miwa lilianzishwa miaka ya 1650. Mwaka 1674 lilipewa Christopher Codrington, aliyetoka Barbados, na likabaki mikononi mwa ukoo wake hadi mwaka 1944. Akina Codrington wa baadaye waliishi Uingereza, wakiliendesha shamba kwa barua na mawakala, na jumba lao la Dodington, huko Gloucestershire, lingali na paa lake. Ndiyo maana nasita kuyaita magofu ya Antigua makao ya bwana: kwa muda mrefu palikuwa mahali pa msimamizi, ambapo watu waliandikwa daftarini pamoja na bei zao.

Nyumba za watu hao, zilizojengwa kwa miti na udongo, hazikuacha kuta za kupigwa picha. Tunazitafuta kwa mabadiliko ya rangi ya udongo na kwa vigae vya vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono. Kimoja nilichokishika kilikuwa na masizi upande wa nje na, ndani, karibu na ukingo, bonde dogo lililoachwa na kidole gumba. Utumwa ulikomeshwa Antigua tarehe 1 Agosti 1834, lakini ufinyanzi huo haukukoma: katika kijiji cha Sea View Farm wanawake wameendelea kufinyanga vyungu na majiko ya makaa, wakivichoma uwanjani kwa moto wa wazi, bila tanuri.