Sonona ya Msimu: Usisubiri Ikukute Kitandani

Kuna sonona inayofuata kalenda. Kwa wengi huanza siku zinapofupika kuelekea majira ya baridi, ikawaganda kwa miezi minne au mitano, kisha ikaachia mwanga unaporudi. Mwaka unaofuata, wakati uleule, inabisha hodi tena. Kitabibu si ugonjwa wa peke yake: ni sonona kamili, au ugonjwa wa hisia mseto (ule wa kupanda kwa furaha iliyopitiliza na kushuka kwa sonona), unaokuja na kuondoka kwa majira. Ili daktari aiite ya msimu, hali hiyo inatakiwa iwe imejirudia kwa angalau miaka 2 mfululizo.

Dalili zake huwapotosha watu. Wengi wakisikia sonona humfikiria mtu asiyelala wala kula. Hii ya baridi mara nyingi huja kinyume. Mtu analala kwa muda wa saa kumi na bado anaamka amechoka. Mikono na miguu inakuwa mizito. Anatamani vyakula vya wanga na vitu vitamu, uzito unapanda, simu inaita anaiangalia tu mpaka inakatika. Ndugu na jamaa hapo humwita mvivu, naye baada ya muda huanza kuwaamini. Ipo pia sonona ya majira ya joto, ingawa ni adimu, na hiyo huleta kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na wahaka.

Kinacholeta tabu ni upungufu wa mwanga, si baridi yenyewe. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Taarifa hiyo huweka sawa saa ya mwili, ile inayoongoza usingizi na utoaji wa melatonini, homoni ya usingizi. Asubuhi ikiwa giza, kwa baadhi ya watu saa hiyo huchelewa: wameshaamka, lakini mwili bado uko usiku. Ndiyo sababu tatizo hili huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza ujanani.

Mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walieleza hali hii kwa kina, wakaonyesha pia kwamba mwanga mkali unaweza kuitibu. Tangu hapo taa ya tiba imekuwa miongoni mwa matibabu ya kwanza. Inayopendekezwa hutoa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) na huchuja miale ya urujuanimno. Unaiweka mezani kwa umbali ulioelekezwa na mtengenezaji, pembeni kidogo ya uso, muda mfupi baada ya kuamka, kwa dakika 20 hadi 30. Usiikodolee macho, soma au kunywa chai huku mwanga ukikufikia. Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Ukiitumia jioni, huenda ukakesha.

Taa ya kawaida ya sebuleni haifanyi kazi hiyo, kwani chumba chenye taa huwa na luksi mia chache tu. Nje, hata mawingu yakitanda, mchana hupatikana luksi 1,000 na zaidi. Kwa hiyo matembezi ya asubuhi ni tiba halisi, na yana faida ya mazoezi juu yake. Vidonge vya vitamini D ni vizuri kwa aliyepungukiwa, lakini mimi singemshauri mtu avitegemee badala ya mwanga.

Mwone daktari kabla ya kununua taa ikiwa una ugonjwa wa macho, unatumia dawa zinazoifanya ngozi au macho kudhurika na mwanga, au umewahi kupata vipindi vya furaha iliyopitiliza.

Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia nayo hufanya kazi vizuri, na ina dalili za kuwalinda watu katika misimu inayofuata. Zipo pia dawa. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha bupropioni ya kumeza mara moja kwa siku ili kuzuia hali hii, na huanzwa mapema, kabla dalili hazijajitokeza. Hapo ndipo penye faida kubwa ya ugonjwa unaotabirika, na ndipo wengi wanapoteleza: wanaahidi watakwenda kliniki, halafu majira yanapobadilika hawana hata nguvu ya kuoga. Weka miadi ungali mzima. Mawazo ya kujiua yakijitokeza, hayasubiri miadi. Nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo, au mwambie mtu akupeleke.

Siku zikirefuka, usiache dawa ghafla. Daktari ndiye atakayepanga namna ya kuzipunguza. Na ukijikuta unalala kwa muda wa saa tatu tu bila kuchoka, unaongea bila kituo na fedha zinakutoka ovyo, usidhani umepona sana: huenda ni ile furaha iliyopitiliza. Rudi kliniki upesi.