Je, wajua kwa nini "shall" ya mkataba haisomwi kama "nita" ya kawaida?

Mpangaji wa ghala la korosho hapa Mtwara alinijia na mkataba wa Kiingereza, kidole kimesimama kwenye maneno "the tenant shall pay". "Mwalimu, hapa si wanasema nitalipa? Basi nitalipa msimu ukifunguliwa." Nikamwambia, mjomba, neno hilo halikupi nafasi hiyo.

Shuleni tulifundishwa kuwa "shall" ni ya wakati ujao, nayo huandamana na mimi na sisi. Kwenye sheria, inapomhusu mpangaji, mnunuzi au hakimu, haielezi kitakachotokea. Inamfunga mtu. Asili yake inasaidia kuelewa: katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kudaiwa, na ndugu yake wa Kijerumani, "Schuld", hadi leo ni deni, pia ni hatia. Anayeambiwa "shall pay" ana deni shingoni.

Kisarufi ni kitenzi kisaidizi. Hakipokei "s" ya nafsi ya tatu, na kinachokifuata hubaki bila "to": "shall pay". Ukikuta "should", jua kamba imelegezwa. Mara nyingi huo ni ushauri.

Kwa sheria zilizotungwa nchini, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema katika kifungu cha 53 kuwa "may" ni hiari na "shall" ni wajibu. Hata hivyo, kwenye mashauri ya jinai Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba si kila "shall" iliyokiukwa inabatilisha kesi.

Kinachotuponza ni "-ta-" yetu. Ibara ya 33 ya Katiba ya 1977 inasema "Kutakuwa na Rais", na hiyo ni amri kamili. Lakini "-ta-" hiyohiyo ndiyo ya "nitakuja kesho" barazani. Afrika Kusini, katika Katiba yao ya 1996, walichagua "must" ili wajibu uonekane wazi. Nasi, tangu marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, naona wafasiri wetu wangetumia zaidi "sharti" au "atawajibika". Mpangaji wa ghala asingebabaika.

Tulikaa na kalamu. Kila penye "shall" akaandika juu yake "sharti". Alipofika mwisho alihesabu kumi na moja, na mojawapo ilitaja tarehe 5 ya kila mwezi.