Sayansi au uhandisi: ujaze nini unapoomba chuo Marekani

Msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani unapokaribia, wanafunzi ninaowashauri huniuliza swali hili kuliko yote: "Fizikia naipenda, hesabu naziweza, sasa nijaze fizikia au uhandisi?" Wengi wameshaambiwa kwamba uhandisi una ajira na sayansi haina. Mimi huwaomba kwanza wafungue orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu.

Mwaka wa kwanza hausaidii kuamua, kwa sababu kalkulasi, fizikia na kemia wanasoma karibu wote. Tofauti hujitokeza baadaye. Chukua betri ya lithiamu. Mwanakemia anataka kujua ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zinaingia na kutoka vipi kwenye elektrodi, yaani ncha za ndani ya betri, na kwa nini tabaka jembamba hujijenga juu ya elektrodi hiyo kadiri betri inavyochajiwa. Mhandisi anaichukua betri ileile na maswali yake: seli (betri ndogo ndogo) mamia zikifungwa pamoja joto litatokea wapi, ganda lihimili kishindo cha kiasi gani, gharama ishuke vipi, na seli moja ikishika moto nyingine zitanusurikaje. Soma maswali hayo tena taratibu. Yale ambayo ungeendelea kuyafikiria hata mtihani ukishapita ndiyo fani yako.

Baadaye maishani mpaka huo unavukika. John Goodenough, mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri hizo, alisomea fizikia hadi shahada ya uzamivu, akaongoza maabara ya kemia Oxford, kisha akawa profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin.

Ndani ya chuo ndipo kuvuka kunakuwa kazi, na kila chuo kina utaratibu wake. MIT hudahili bila kukufunga kwenye fani. Unachagua baada ya mwaka wa kwanza. Cornell unaomba kitivo kimoja tu, kwa hiyo uhandisi na sayansi ni maombi mawili tofauti. Berkeley ukishaingia kitivo kingine, kuhamia uhandisi ni kwa ushindani na hakuna uhakika. Tena hapo Berkeley uhandisi wa kemikali uko chini ya kitivo cha kemia, kwa hiyo jina la kozi peke yake lisikutoshe.

Ugumu wa kuhamia uhandisi una sababu. ABET, chombo kinachozipa ithibati programu za uhandisi Marekani, kinataka angalau krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 30 za hesabu na sayansi, na 45 za masomo ya uhandisi yenyewe. Masomo hayo yamefungamana: bila la kwanza hupewi la pili. Anayetoka uhandisi kwenda fizikia anakuja na hesabu zake na hapotezi mengi. Anayekwenda kinyume chake anaweza kujikuta ameongeza muhula au mwaka mzima, na ada juu yake.

Kwa hiyo, kama kweli umegawanyika katikati na chuo kinadahili kwa kitivo, ushauri wangu ni ujaze uhandisi. Hasa kama unaota kusanifu madaraja na kutia sahihi michoro, kwa sababu leseni ya uhandisi hutolewa na kila jimbo, na shahada yenye ithibati ndiyo njia iliyonyooka. Lakini kama unachotaka ni utafiti, jaza sayansi bila woga. Shahada ya uzamivu katika fani hizi Marekani kwa kawaida husamehewa ada na huambatana na posho.

Nisichokubali ni kujaza sayansi kama mlango wa nyuma wa kuingia uhandisi. Wasomaji wa maombi wanaona ulichofanya. Kama miaka yote umeunda roboti, insha ya kusifia chembe ndogo za atomu itasikika tupu, na wewe mwenyewe utaisikia ukiisoma kwa sauti.

Kabla ya kutuma, tafuta kwa kila chuo masharti ya kuhama kitivo: alama zinazotakiwa, masomo yanayotangulia, na kama nafasi zina ukomo. Usipoyaona, iandikie ofisi ya udahili uulize.