Hewa ipite puani: kazi ya pua na namna ya kuizibua

Alfajiri ya Julai, hewa ya Ngaramtoni, karibu na mji wa Arusha, inaweza kushuka hadi nyuzijoto 12. Hewa ya baridi hivyo hubeba unyevu kidogo, na bodaboda zikianza kupita kwenye barabara ya udongo, vumbi nalo huingia humo. Mapafu yanaitaka ikiwa safi, na joto la nyuzi 37, imeshiba unyevu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika puani, katika umbali mfupi tu.

Kila upande wa pua una vifupa vitatu vilivyojikunja, vimefunikwa na utando wenye mishipa mingi ya damu. Hewa ikizungukazunguka humo hupata joto na unyevu. Vinyweleo vya mlangoni huzuia takataka kubwa. Vumbi jembamba hunata kwenye kamasi, kisha vijinywele visivyoonekana kwa macho hulisogeza kamasi hilo kuelekea kooni, tukalimeza bila kujua. Kwa mtu mwenye afya, kamasi lililo puani huondoka na kuja jingine takriban kila dakika 10 hadi 20. Anayepumulia mdomo hulipeleka vumbi lake kooni moja kwa moja, na moshi wa kuni nao hupita njia hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vile vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso hutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi. Ukivuta hewa kwa pua, gesi hiyo huteremka nayo hadi kwenye mapafu na kuitanua mishipa ya damu, hivyo oksijeni ikachukuliwa vizuri zaidi. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu ndio uliowapa wanasayansi watatu wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kuvumisha sauti huku midomo imefungwa, kama mama anavyombembeleza mtoto, huongeza sana gesi hiyo puani.

Mdomo ukikaa wazi usiku kucha, mate hukauka. Mate ndiyo yanayoosha meno na kupunguza makali ya asidi, kwa hiyo matokeo ni harufu mbaya asubuhi, fizi kuvimba na meno kutoboka. (Meno ya kahawia tunayoyaona sana Arusha ni habari nyingine: hayo yanatokana na floridi nyingi katika maji.)

Wengi huambiwa tu, "Funga mdomo." Ushauri huo unaanzia mwisho. Kwanza ijulikane kwa nini mdomo uko wazi. Kaa kitini, funga mdomo, pumua kwa pua kwa dakika tatu bila kuhangaika. Ukishindwa, pua imeziba, na mazoezi ya kupumua hayatasaidia kabla haijazibuliwa. Ila usishtuke ukiona tundu moja linapitisha hewa kidogo kuliko jingine. Hupokezana zamu kila baada ya saa chache, na si ugonjwa.

Njia salama ya kuanzia ni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji hadi yatokote kwa dakika moja (ukiwa juu ya mita 2,000, yatokote dakika tatu), yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa bila kilima. Chumvi ikipungua sana pua itauma, ikizidi itawasha. Usitumie magadi. Usitumie maji ya bomba au ya mfereji ambayo hayajachemshwa, kwani vijidudu ambavyo tumbo huvimudu vinaweza kuleta madhara makubwa vikipitia puani. Chukua bomba jipya la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, kisha sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu. Yatatokea la chini. Badilisha upande. Penga polepole, tundu moja moja, maana kupenga kwa nguvu husukuma uchafu hadi masikioni. Yaliyobaki yamwage baada ya siku moja.

Dawa za matone za kuzibua pua zinazouzwa madukani, kama oksimetazolini, zisizidi siku tatu hadi tano. Ukiendelea, utando huzizoea na huvimba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na mtu anajikuta haachani na kichupa. Kubandika plasta mdomoni wakati wa kulala hatushauri. Anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini anaweza kudhurika.

Pua ikiwa wazi, jizoeze: vuta hewa kwa sekunde nne, itoe kwa sekunde sita, dakika tano kila jioni. Kwa wanaokimbia, anza mwendo ambao mdomo unaweza kubaki umefungwa. Hii husaidia hasa wale ambao baridi huwabana kifua. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta. Kwenye mlima mkali, au kuelekea kilele cha Kilimanjaro cha mita 5,895, mwili utaufungua mdomo wenyewe. Uache, funika tu mdomo na pua kwa skafu ili hewa ipate unyevu, na ongeza maji ya kunywa.

Kwa watoto tunaomba umakini zaidi. Anayelala mdomo wazi kila usiku na kukoroma bila mafua huenda ana nyama za pua. Apelekwe kwa wataalamu wa masikio, pua na koo, ambao wapo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kamasi lenye harufu mbaya likitoka tundu moja tu, mara nyingi mtoto ameingiza kitu: harage, shanga, kipande cha sponji. Usikichokonoe kwa pini wala kijiti, utakisukuma ndani. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Huunguza nyama za ndani ya pua katika saa chache.